Majira Badilifu ya Vali: Injini ya Gari Inavyopumua, kwa Lugha ya Gereji ya Kitengela

Utangulizi

Msomaji akisimama kwa muda kando ya barabara ya Namanga mjini Kitengela ataona kwamba mengi ya magari madogo yanayopita, yawe ya abiria, ya mizigo au ya watu binafsi, yaliletwa kutoka Japani yakiwa yametumika. Kanuni za Kenya huruhusu gari lililotumika kuingizwa nchini iwapo halijazidi umri wa miaka minane. Magari ya petroli ya umri huo, takriban yote, yana mtambo unaobadilisha wakati wa kufunguka na kufungika kwa vali za injini. Kila mtengenezaji ameupa mtambo wake jina: Toyota huuita VVT-i, Honda VTEC, Mitsubishi MIVEC. Mara nyingi herufi hizo huandikwa juu ya kifuniko cha injini, nazo husomwa na kila afunguaye boneti. Wanaoweza kueleza maana yake ni wachache, na wanaoweza kuieleza kwa Kiswahili ni wachache zaidi.

Makala haya yananuia kueleza jinsi mtambo huo unavyofanya kazi. Huenda msomaji wa jarida hili akauliza: mwanafunzi wa fasihi ana shughuli gani na injini? Jibu ni kwamba ujuzi wa magari katika miji yetu hupitishwa kwa mdomo, na lugha inayoupitisha ni Kiswahili. Fundi humweleza mwanagenzi wake kwa Kiswahili. Mwenye gari huuliza kwa Kiswahili na hujibiwa kwa lugha iyo hiyo. Maelezo hayo yakiwa na kasoro, hasara humwangukia mtu mahususi. Nitaanza na kisa cha mmoja aliyenusurika.

Kisa cha chujio

Mjomba wangu ni mfugaji anayeishi nje kidogo ya mji wa Kajiado. Kila alfajiri hupeleka maziwa Kitengela, mwendo wa takriban kilomita 50, kwa gari dogo la mizigo alilolinunua likiwa limetoka Japani. Mwaka uliopita gari hilo lilianza kutetemeka kila liliposimama huku injini ikinguruma. Likapoteza nguvu kwenye miinuko, likanywa petroli kuliko awali, kisha taa ya injini ikawaka kwenye dashibodi. Fundi wa kwanza alilisikiliza kwa dakika chache, akatoa hukumu: injini imekwisha, inunuliwe nyingine. Mjomba akaanza kuchagua ng'ombe wawili wa kuuza.

Kabla ng'ombe hawajafikishwa sokoni, tulilipeleka gari kwa fundi wa pili, katika gereji moja ya Kitengela. Huyu alianza kwa kuchomoa kijiti cha kupimia oili. Aliitazama oili, akaisugua kati ya vidole viwili. Ilikuwa nyeusi na nzito mithili ya lami. Akafungua bolti moja kwenye kichwa cha injini, akatoa kifaa chenye urefu wa kidole; akafungua bolti nyingine, akatoa chujio dogo mno, lisilozidi ukubwa wa pingili ya kidole. Chujio lilikuwa limeziba kabisa.

"Mwalimu," akaniambia, kwani alikuwa amekwisha kujua kwamba nasomea Kiswahili, "injini hii haijafa. Taimingi ndiyo imekwama. Oili ndiyo mkono unaosukuma kemu. Mkono ukiganda, kemu haisongi. Mwambie mzee asiuze chochote."

Akaviosha vifaa hivyo kwa petroli, akamwaga oili yote, akabadilisha filta na kutia oili mpya iliyo nyepesi. Gharama haikufikia bei ya mbuzi mmoja. Siku ya tatu mjomba alinipigia simu kunijulisha kwamba gari limerudia ujana wake. Kisha akaniuliza swali ambalo ndilo lililozaa makala haya: "Mbona hakuna aliyeniambia mapema?" Kusema kweli, aliambiwa. Kitabu cha maelezo kilikuwamo ndani ya gari tangu siku alipolinunua, kikiwa kimeandikwa kwa Kijapani.

Injini na pumzi zake

Ili kuielewa kauli ya fundi yule, sharti tuanze na injini yenyewe. Silinda ni chumba cha mviringo ambamo pistoni hupanda na kushuka. Pistoni imeunganishwa na mhimili ulio chini yake, ambao mafundi huuita krenki. Kupanda na kushuka kwa pistoni huizungusha krenki, nayo krenki hupeleka nguvu kwenye gia hadi kwenye magurudumu. Juu ya silinda, katika sehemu iitwayo kichwa, kuna milango midogo. Hiyo ndiyo vali. Baadhi ni vali za kuingiza, ambazo hupitisha hewa na petroli. Nyingine ni vali za kutoa, ambazo hupitisha moshi.

Kazi ya injini hutendeka kwa hatua nne, utaratibu ambao Mjerumani Nikolaus Otto aliufanikisha mnamo mwaka 1876. Katika hatua ya kwanza, vali ya kuingiza huwa wazi na pistoni hushuka ikivuta hewa na petroli. Katika hatua ya pili, vali zote hufungwa na pistoni hupanda ikibana kilichovutwa. Katika hatua ya tatu, plagi hutoa cheche, mchanganyiko ule huwaka na pistoni husukumwa chini kwa nguvu. Katika hatua ya nne, vali ya kutoa hufunguka na pistoni hupanda ikisukuma moshi nje. Kwa muhtasari: kuvuta, kubana, kuwaka, kutoa. Ni hatua ya tatu pekee inayozalisha nguvu. Nyingine tatu huiandalia au huisafishia njia. Kwa hiyo nguvu ya injini hutegemea sana wingi wa hewa inayoingia katika hatua ya kwanza. Injini isiyopumua vizuri haiwezi kuvuta gari vizuri, hata ikimiminiwa petroli kiasi gani.

Vali hazijifungui zenyewe. Juu ya kichwa cha injini hulala mhimili wenye nundu zilizochongwa kwa umbo linalokaribia yai. Mhimili huo huitwa kemshafti, na kila nundu huitwa kemu. Kemu inapozunguka huisukuma vali ikafunguka. Nundu ikishapita, springi huirudisha vali mahali pake. Kemshafti huzungushwa na krenki kwa njia ya cheni au beliti. Kwa kuwa hatua nne hukamilika baada ya krenki kuzunguka mara mbili, kemshafti huzunguka mara moja tu katika muda huo. Krenki ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, kila vali hufunguka mara 3,000 kwa dakika, yaani mara 50 kwa sekunde moja.

Uhusiano baina ya mahali ilipo pistoni na wakati ambapo vali hufunguka au hufungika ndio uitwao taimingi na mafundi. Katika makala haya nitauita majira ya vali, na sababu ya uteuzi huo nitaitoa baadaye.

Milango ya basi kwenye steji

Kwa miaka mingi majira ya vali yalikuwa jambo lisilobadilika. Mtengenezaji aliyaamua kiwandani, fundi akafunga cheni au beliti kwa kufuata alama, na yakabaki hivyo maisha yote ya injini. Kasoro ya utaratibu huu hufahamika vyema tukiulinganisha na basi lenye milango miwili kwenye steji ya Kitengela. Abiria hupandia mlango wa mbele na kushukia mlango wa nyuma.

Basi likiwa na muda wa kutosha, mambo ni mepesi. Wanaoshuka hushuka wote, mlango wa nyuma ukafungwa, ndipo wa mbele ukafunguliwa na wanaopanda wakaingia. Milango yote miwili ikiachwa wazi kwa wakati mmoja, wanaoshuka na wanaopanda hugongana, na huenda waliokwisha kushuka wakasukumwa ndani tena.

Basi likiwa na haraka, utaratibu huo haufai. Makanga hufungua mlango wa kupandia kabla wa mwisho hajashuka, maana wanaotoka mbio huacha nafasi nyuma yao na nafasi hiyo huwavuta wanaoingia. Aidha, hauwahi kuufunga mlango basi linapoanza kuondoka, kwa kuwa wanaokuja mbio bado wanaingia kwa kasi waliyokwisha kuipata. Akiufunga mapema huwaacha nje abiria ambao wangeingia bila taabu.

Hewa ndani ya injini ina tabia kama ya abiria hao. Ina uzito, haianzi kwenda papo hapo, na ikishaanza haisimami papo hapo. Krenki ikizunguka mara 600 kwa dakika, pistoni hushuka kwa muda wa sehemu moja ya 20 ya sekunde. Ikizunguka mara 6,000, muda huo hupungua hadi sehemu moja ya 200 ya sekunde. Katika kasi hiyo ya pili, vali ya kuingiza hunufaisha injini inapochelewa kufungika: ijapokuwa pistoni imekwisha kuanza kupanda, hewa bado inaingia kwa msukumo wake yenyewe. Lakini ucheleweshaji uo huo ukifanywa katika kasi ndogo huleta hasara, kwani hewa haina msukumo, na pistoni inayopanda huirudisha nje kupitia mlango ule ule ilioingilia.

Vivyo hivyo kuna kipindi kifupi, mwishoni mwa hatua ya nne na mwanzoni mwa hatua ya kwanza, ambapo vali ya kutoa na ya kuingiza huwa wazi pamoja. Katika kasi kubwa, moshi unaotoka mbio husaidia kuvuta hewa mpya. Injini inaponguruma polepole gari likiwa limesimama, moshi hurudi ndani na kuchanganyika na hewa mpya. Mchanganyiko huwaka kwa shida na injini hutetemeka. Ndivyo gari la mjomba lilivyotetemeka.

Basi mtengenezaji wa zamani alilazimika kuchagua. Gari la mashindano lilipewa majira ya haraka, likawa na nguvu katika kasi na kutetemeka liliposimama. Gari la familia lilipewa majira ya utulivu, likanguruma vizuri na kukosa pumzi lilipohimizwa. Hakuna nundu moja ya chuma iliyoweza kuwahudumia wote wawili kwa ukamilifu.

Namna majira yanavyobadilishwa

Mtambo wa majira badilifu huondoa ulazima wa kuchagua. Tuutazame mfumo wa VVT-i, kwa kuwa ndio unaokutwa mara nyingi katika gereji za Kajiado.

Cheni inayotoka kwenye krenki huzungusha gurudumu lenye meno lililo kwenye ncha ya kemshafti. Katika injini za kale gurudumu hilo lilikazwa kwa bolti, likawa kitu kimoja na kemshafti. Katika VVT-i, gurudumu ni sehemu ya kasha lenye vyumba vidogo ndani yake. Ndani ya vyumba hivyo mna mapanga mafupi, mfano wa mapanga ya feni, ambayo yamefungwa kwenye kemshafti. Oili ya injini ikisukumwa upande mmoja wa mapanga, kemshafti husogea kidogo ikalitangulia gurudumu. Vali hufunguka mapema na kufungika mapema. Oili ikisukumwa upande wa pili, kemshafti huchelewa. Vali hufunguka na kufungika baadaye. Oili ikizuiwa isiingie wala kutoka, kemshafti hubaki pale ilipo. Katika injini nyingi mwachano huo hufikia digrii 40 au zaidi za mzunguko wa krenki. Nundu zenyewe hazibadiliki umbo. Kinachobadilika ni wakati wake.

Anayeamua ni kompyuta ya injini. Hupokea habari kutoka kwa sensa kadhaa: ya krenki, ya kemshafti, ya kiasi cha hewa inayoingia, ya joto la maji na ya kiasi ambacho dereva amekanyaga pedali. Baada ya kuzipima habari hizo, hutuma umeme kwenye kifaa chenye sumaku ya umeme na vali yake ndogo, ambacho hufungua njia ya oili ya upande mmoja au mwingine. Hicho ndicho kile kifaa chenye urefu wa kidole alichokitoa fundi. Chujio lililoziba lilikuwa mlinzi wake, lililowekwa kuzuia takataka za oili zisiingie ndani. Injini inapozimwa, pini ndogo hulifunga kasha na mapanga pamoja ili kemshafti isiyumbe wakati wa kuwashwa tena, kabla oili haijapata nguvu.

Hivyo, injini inaponguruma tu, kompyuta huichelewesha vali ya kuingiza ili isiwe wazi pamoja na ya kutoa, na mtetemo hutoweka. Gari likipanda mlima kwa kasi ya chini au ya wastani, vali hutangulizwa ili ifungike mapema na hewa isirudi nje. Likienda kasi sana, vali hucheleweshwa ili ipokee hewa yenye msukumo. Likienda mwendo wa kawaida bila mzigo mkubwa, kompyuta huruhusu kusudi moshi kidogo ubaki ndani ya silinda, kwa kuwa hupunguza joto la mwako, hupunguza gesi za sumu na huokoa petroli. Herufi ya mwisho katika jina VVT-i husimamia neno la Kiingereza lenye maana ya akili, na msomaji sasa anaweza kuamua mwenyewe iwapo jina hilo linastahiki.

Historia kwa ufupi

Wazo hili lilikuwapo kabla ya Wajapani kulieneza. Alfa Romeo ya Italia ilitangulia kuuza gari la kawaida lenye majira badilifu mnamo mwaka 1980. Mnamo 1989 Honda ilileta VTEC katika gari aina ya Integra, kwa njia iliyo tofauti. VTEC ya awali ilikuwa na kemu za maumbo mawili, moja ya kasi ndogo na nyingine ya kasi kubwa. Oili ilisukuma pini iliyounganisha mikono ya vali, kazi ikahama kutoka kemu ya kwanza hadi ya pili. Kwa njia hiyo ulibadilika wakati wa kufunguka kwa vali na pia kina cha kufunguka kwake. Toyota ilianza kutumia VVT-i katikati ya miaka ya 1990, kwanza katika magari yake makubwa.

Mwaka 2002 Toyota ilileta Probox ili kuchukua nafasi ya gari la mizigo la Corolla. Injini yake ya lita 1.5, iitwayo 1NZ-FE, ilikuwa na VVT-i kwenye kemshafti ya kuingiza. Teknolojia iliyoanzia kwenye magari ya starehe ikawa imeshuka hadi kwenye gari la kubebea maziwa, mboga, mbuzi na abiria. Tangu hapo hakuna tena ulazima wa kwenda kwa matajiri kuiona. Yatosha kusimama Isinya siku yoyote.

Mwinuko, vumbi na oili

Kitengela iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na mji wa Kajiado uko juu zaidi. Katika mwinuko huo hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa takriban asilimia 15. Maana yake ni kwamba kila pumzi ya injini huleta hewa pungufu. Majira badilifu hayawezi kuirudisha hewa isiyokuwapo. Husaidia tu ile iliyopo iingie kwa wingi uwezekanao. Mtambo ukikwama, upungufu wa mwinuko na upungufu wa majira hujumlishwa, na dereva huuhisi mara moja kwenye mteremko unaogeuka kuwa mlima.

Hata hivyo, adui mkubwa wa mtambo huu ni oili iliyopuuzwa. Katika injini za zamani oili ilikuwa na kazi ya kulainisha, kupoza na kusafisha. Katika injini hizi imeongezewa kazi ya nne: ndiyo inayobeba amri ya kompyuta hadi kwenye kemshafti. Kuna mambo manne ambayo kila mwenye gari anapaswa kuyajua.

Kwanza, kiwango cha oili kisishuke chini ya alama. Oili ikipungua, nguvu yake ya kusukuma hupungua na mapanga huyumba.

Pili, uzito wa oili ufuate maagizo ya mtengenezaji. Injini nyingi ndogo za Japani huhitaji oili nyepesi kama 5W-30. Ipo desturi ya kutia oili nzito, kama 20W-50, kwa imani kwamba nzito hulinda zaidi. Oili nzito hupita kwa uvivu katika njia nyembamba za mtambo huu, hasa alfajiri ya baridi, na mtambo huitikia kwa kuchelewa.

Tatu, oili na filta yake vibadilishwe kwa wakati, na filta ya hewa isisahaulike, maana vumbi la Kajiado halimwonei mtu huruma. Oili iliyozeeka hugeuka tope, na tope ndilo lililoziba chujio la mjomba.

Nne, dalili zisikilizwe. Mlio mkavu wa kugongana kwa sekunde chache injini inapowashwa asubuhi, mtetemo gari linaposimama na kupungua kwa nguvu ni dalili za kuchunguzwa mapema. Taa ya injini ikiwaka, fundi asome msimbo kwa kifaa chake kabla ya kutoa hukumu. Msimbo P0011, kwa mfano, hudokeza kwamba kemshafti ya kuingiza imetangulia kupita kiasi au imekataa kurudi. Mahali pa kuanzia hapo ni oili, chujio na kile kifaa cha sumaku, kisha cheni ambayo huenda imelegea. Kuinunua injini nyingine kwa sababu ya chujio ni sawa na kubomoa nyumba kwa sababu ya bawaba. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta.

Suala la istilahi

Msomaji atakuwa ametambua kwamba maelezo haya yote yametolewa kwa Kiswahili bila ya kukwama. Sehemu kubwa ya maneno niliyoyatumia sikuyabuni, niliyakuta gereji. Mafundi wamefanya, bila kikao wala kamati, kazi tunayoifundisha katika somo la uundaji wa istilahi. Wametohoa: pistoni, silinda, krenki, plagi. Wamepanua maana: kichwa cha injini, mapanga, gari kunywa petroli, injini kukosa pumzi. Wamefafanua kwa vitenzi vya kawaida: kumwaga oili, kufungua injini. Maneno yao yana sifa ambayo istilahi nyingi za vitabuni hazina, nayo ni kwamba hutumika kila siku na watu wenye haja nayo.

Taasisi zetu zimefanya kazi ya kuheshimika. Kamusi ya istilahi za biolojia, fizikia na kemia iliyotolewa na TUKI mwaka 1990 ni mfano mmoja. Lakini kati ya fizikia ya darasani na bolti ya gereji kuna pengo ambalo bado halijazibwa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na kuwa lugha ya taifa. Urasmi huo hautakuwa na uzito kwa mfugaji wa Kajiado iwapo maagizo ya chombo chake cha kazi hayapatikani kwa lugha anayoielewa.

Sasa nitoe sababu ya kuteua neno majira. Neno hili tumelizoea kwa maana ya misimu na vipindi vya mwaka. Lakini lina maana nyingine za zamani: mabaharia walilitumia kwa mwelekeo wa chombo baharini, na saa ya kuamsha huitwa saa ya majira. Ndani ya neno moja mna wakati uliopangwa na mwelekeo unaorekebishwa safarini kulingana na hali. Sijaona neno linalofaa zaidi kwa mtambo ambao kazi yake ni kurekebisha wakati injini ikiwa safarini. Kwa hiyo napendekeza majira ya vali kwa taimingi, na majira badilifu ya vali kwa mtambo wote. Sikusudii kulifukuza neno taimingi, ambalo limekwisha kuota mizizi. Gereji na wabaki na taimingi wapendapo. Kitabu na kitumie majira. Na mwanafunzi ajue yote mawili, ili akienda gereji aeleweke na akirudi darasani aandike.

Hitimisho

Makala haya yameeleza kwamba injini huhitaji hewa kwa majira tofauti kulingana na kasi na mzigo, kwamba mtambo wa majira badilifu huyarekebisha majira hayo kwa msukumo wa oili, na kwamba oili chafu huunyamazisha mtambo huo hata gari zima likaonekana limekufa. Vilevile yameonyesha kwamba lugha ya kulieleza jambo hili ipo tayari midomoni mwa mafundi. Inangoja wenye kalamu waikusanye, waipange na kuirejesha kwa watu ikiwa imeandikwa. Vyama vyetu vya wanafunzi vina wanachama katika kila mji wenye gereji, na likizo ni ndefu ya kutosha. Daftari moja kwa kila mwanachama lingetupatia mwanzo wa kamusi.

Kwa upande wangu nilianza na ukurasa mmoja. Niliandika kwa mkono aina ya oili, kiwango chake, tarehe ya kuibadilisha na dalili za kusikiliza alfajiri, nikampa mjomba. Ameukunja akautia ndani ya kile kitabu cha Kijapani. Ng'ombe wake wawili wangali malishoni.